Msumari, mtoki na kinga: mbona nimechomwa mguuni, panauma huku?

Wiki moja baada ya Idd, mpwa wangu wa miaka tisa alikanyaga msumari pwani, si mbali na Wete, kisiwani Pemba, pale mafundi wanapokarabati mashua. Ubao mkuukuu ulikuwa umefukiwa nusu mchangani, msumari wake umesimama wima. Aliuchomoa mwenyewe, akausuuza mguu kwa maji ya bahari, akarudi kucheza. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu akawa anachechemea, na mama yake alipomkalisha chini kumkagua alikuta unyayo umevimba na una moto. Huko juu, penye paja linapokutana na kinena, palikuwa na kivimbe mfano wa kokwa ya zambarau. Ukikigusa, mtoto anaruka.

Uani pakageuka baraza la matabibu. Bibi yake akasema huo ni mtoki, ukandwe kwa maji moto na uchuliwe kwa nguvu mpaka uvunjike. Jirani akaleta kapsuli mbili za rangi mbili zilizobaki kwa mwanawe: moja anywe, ya pili ipasuliwe na unga wake umwagiwe kwenye tundu. Binamu yetu wa mjini, ambaye siku hizi anauza dawa za asili kwa simu, akatoa hukumu kwa ujumbe wa sauti: mtoto kinga yake ndogo, apewe asali na habasoda. Kila mmoja alisema kwa uhakika. Aliyeuliza swali ni mtoto peke yake, na hakuna aliyemjibu: "Mbona nimechomwa mguuni, panauma huku?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote ya siku ile. Ukilijibu sawasawa, umeshaeleza nusu ya elimu ya kinga.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalotuchanganya. Wengi wetu "kinga" tuliisikia kwanza ndani ya UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, basi tukaiweka akilini kama kitu cha kupimwa kwa kibaba: ama imejaa, ama imepungua. Zikaja kampeni za chanjo, nazo zikasema kinga. Wakaja wauza dawa. Neno moja, mizigo mitatu.

Kinga ya mwili si kiungo kimoja, wala si maji yanayojazwa. Ni kazi inayofanywa na vitu vingi kwa pamoja: ngozi, makamasi, machozi, tindikali ya tumboni, seli nyeupe za damu, tezi, na protini ziitwazo kingamwili. Chanjo ni somo linalofundishwa kinga hiyo. Na maambukizi si kule kuwa na vijidudu, kwani kila mtu anavyo tele. Maambukizi ni vijidudu kupenya mahali pasipo pao na kuanza kuzaana.

Vitabu vingi hulinganisha kinga na jeshi. Mfano huo siupendi. Askari kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo mtu anavyojiona salama, na hapo ndipo binamu yangu anapopatia soko. Nitatumia mifano ya kijijini.

Paa la makuti

Ukitazama paa la makuti huoni ajabu yoyote: majani makavu yaliyokufa. Lakini yamelaliana, kuti juu ya kuti, na mvua ya masika inateleza hadi nje. Tabaka la juu kabisa la ngozi yako nalo limekufa. Ni seli zilizozaliwa chini, zikasukumwa juu taratibu huku zikijaa keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele. Zikifika juu zimeshakauka na kubapa, safu 15 hadi 20 zikilaliana, na katikati yake mna mafuta yanayoziba mianya kama udongo wa kutomea nyumba. Safari nzima huchukua takriban wiki nne. Nongo unayoitoa ukijisugua kwa dodoki, sehemu yake kubwa ni makuti ya mwezi uliopita, na kila kipande kinachodondoka huondoka na vijidudu vilivyokuwa vimekishikilia. Ngozi yote ya mtu mzima ikitandazwa inakaribia mita 2 za mraba, sawa na mkeka wa kulalia mtu mmoja.

Juu ya paa hilo kuna wakaazi. Mamilioni ya bakteria wanaishi juu ya ngozi yako hivi sasa, na walio wengi hawana neno. Faida yao ni ile ya wazee waliokaa barazani saa za alasiri: nafasi zote zimejaa, mgeni mwenye nia mbaya hana pa kuketi. Jasho na mafuta ya mwili nayo huiacha ngozi ikiwa chachu kidogo, hali ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviipendi. Naomba hapa mtu asikimbilie ndimu. Uchachu wa ndimu unaushinda ule wa ngozi mamia ya mara, na ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa jua hutoka malengelenge, kisha mabaka meusi yanayokaa miezi.

Kwa maoni yangu, uchafu si adui mkubwa wa paa hili hapa visiwani. Adui ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, dawa ambayo kazi yake hasa ni kuituliza kinga. Daktari huitumia kwa siku chache, mahali padogo, kwa sababu maalumu. Ukiipaka mwili mzima miezi mitatu ili ung'ae siku ya harusi, ngozi inakuwa nyembamba na walinzi wake wanalala. Nimemwona bibi harusi aliyeenea choa kifuani hadi mgongoni na asijue ni choa, kwa sababu hakikuwasha sana wala hakikuonyesha ile duara yake ya kawaida. Kinga iliyopasa kupiga kelele ilikuwa imelazwa. Singo ya liwa na maua makavu haina balaa hilo, ilimradi usisuguliwe mpaka uchubuke.

Pasipo na ngozi, mwili una hila nyingine. Machozi yana kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, makamasi yananasa vumbi na vijidudu, na tindikali ya tumbo inaua vingi tunavyovimeza. Hayo nayapita, kwa sababu mpwa wangu hakuingiwa na kitu puani.

Lakini kuna jambo moja ambalo Mpemba hawezi kuliacha. Tunapenda kusema ngozi nzima haipitiki. Kwa bakteria wengi ni kweli. Kwa kichocho si kweli. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi, hasa jua likiwa kali, huogelea mpaka vikutane na mtu, kisha huyeyusha njia na kupenya ngozi isiyo na mchubuko wowote kwa muda wa dakika tu. Ndiyo maana mtoto aliyeoga kijitoni anapata kichocho bila kuwa na kidonda, na aliyeoga baharini hapati. Mnyoo ukishakomaa hukaa mwilini miaka, na mbinu yake ni ya kijanja: hujipaka chembechembe za mwenyeji wake, kama mtu aliyevaa kanzu na kofia akapita mtaani na kila mmoja akamdhania ni mtu wa hapahapa. Kinga inapita pembeni yake bila kumshuku. Kwa hiyo anayekwambia "kinga yako ikiwa imara hupati kichocho" hajui anachosema. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na kutokuingia kwenye kijito chenye konokono.

Na bahari je? Wazee wanasema maji ya bahari yanatibu kidonda. Chumvi kweli inavisumbua baadhi ya vijidudu, lakini bahari ina bakteria wake waliokwishazoea chumvi, na ufukwe ulio karibu na mji una mengine yasiyo ya bahari. Waulize akina mama wa mwani. Siku za bamvua wanakaa majini saa nyingi wakifunga na kuvuna, vidole vimesinyaa na kulegea kama vilivyochemshwa, na mkwaruzo mdogo wa kamba unakataa kupona. Ngozi iliyoloa muda mrefu ni makuti yaliyooza: bado yapo, lakini yanavuja. Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Ni jibu lisilo na mvuto, najua.

Moto! Moto!

Sasa msumari. Umetoboa paa, na umeingia na kila kilichokuwa kwenye ncha yake.

Ndani ya ngozi zipo seli zinazokesha humo siku zote. Zikigusana na bakteria humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini, na mishipa midogo ya damu iliyo karibu hutanuka na kuvuja kwa makusudi. Damu inafika kwa wingi, ndipo pakawa na joto. Majimaji yanatoka mshipani, ndipo pakavimba. Neva zinachokozwa, pakauma. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Celsus aliziandika dalili hizi katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani. Pahali panakuwa peusi zaidi au panang'aa, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kupima joto, usisubiri kuona nyekundu ya vitabuni.

Nyumba ya makuti ikishika moto kijijini, hawafiki kwanza zimamoto. Wanafika vijana wa jirani, mbio, na ndoo na mchanga. Na wakiona upepo unauelekeza moto upande wa pili, wanaliezua paa la jirani ambalo halijaungua, ili moto ukose njia. Asubuhi, mwenye nyumba ile ya pili ana hasara ingawa moto haukumgusa. Hivyo ndivyo seli ziitwazo neutrofili zinavyofanya kazi. Uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 za seli hizi kila siku. Zinafika kidondani ndani ya saa chache, zinameza bakteria, zinamwaga sumu, na zinaharibu nyama nzima iliyo karibu. Kisha zinakufa hapohapo. Maiti zao, pamoja na bakteria waliouawa na nyama iliyoyeyuka, ndiyo usaha.

Tunaogopa usaha kama uchafu ulioingia kutoka nje, kumbe sehemu kubwa yake ni sisi wenyewe. Na kuukamua jipu ambalo halijaiva ni sawa na kupiga teke jivu ambalo ndani bado lina makaa: unayasambaza.

Ukweli huu uligunduliwa kwa mnyama anayepatikana kila ufukwe wetu. Mwaka 1882, mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa dola ya Urusi ya wakati ule, alikuwa akikaa Messina, kisiwani Sicily. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wao ni mwangavu hata unaona hadi ndani, akavichoma miiba ya waridi. Kesho yake asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba kama watu waliozingira nyumba ya mwizi. Kiti cha pweza hakina moyo wala damu kama yetu, na bado kinajua kuuzingira mwiba. Kwa kazi iliyoanzia kwenye miiba ile, Metchnikoff alipata tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Homa nayo ni ya kundi hilohilo. Kemikali za kidondani zikizidi zinafika ubongoni, na ubongo unapandisha joto kwa hiari yake, kwani seli nyeupe hufanya kazi vyema kwenye joto na bakteria wengi hawaridhiki nalo. Kiswahili kinatuponza hapa. Tunasema "ana homa" kana kwamba homa ndiyo maradhi yenyewe. Homa ni taarifa. Si ya kudharauliwa, na mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa, malaria ikiwemo, ingawa siku hizi Zanzibar imepungua sana. Lakini homa ikishuka kwa panado, ujue umeizima kengele tu.

Kwa sheha

Nimefika kwenye swali la mtoto.

Wazanzibari wote wanajua utaratibu huu: mgeni akihamia shehiani, habari hufika kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Hata asipojitangaza, atatokea mtu wa kuipeleka. Ngozini zipo seli za kazi hiyo. Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, akadhani ni neva kwa sababu ya mikono yao mirefu. Kumbe ni wapeleka habari. Zinamnyakua kijidudu, zinamkatakata, zinachukua kipande kama ushahidi, kisha zinaacha kidonda na kusafiri kwa mifereji myembamba ya limfu, yaani majimaji yanayokusanywa kutoka kwenye nyama ya mwili. Mifereji ya mguu inapanda hadi kinenani. Hapo ndipo ilipo ofisi.

Mtoki ni tezi ya limfu. Unazo mamia mwilini, lakini zile za kinenani, kwapani na shingoni ndizo zinazopapasika. Ndani yake wamekaa wajumbe wengi sana, seli nyeupe aina ya limfosaiti, na kila mmoja anatambua sura moja tu. Mpeleka habari anapita na kipande chake akiwaonyesha mmoja mmoja: unamjua huyu? Huyu je? Wengi hawamjui. Akipatikana anayemjua, huyo anaanza kujigawa: wawili, wanne, wanane, hadi maelfu kwa maelfu. Ofisi inafurika watu. Ndio uvimbe ule, mfano wa kokwa ya zambarau.

Basi panauma huku kwa sababu kikao kinafanyika huku. Mtoki haukuja na ugonjwa wake. Ni alama kwamba habari zimefika. Ukiuchua kwa nguvu huvunji chochote, unamtesa mtoto tu. Maji ya uvuguvugu hayana ubaya, yanapunguza maumivu. Cha kutazama ni chini, kwenye kidonda, maana mtoki hautanywea kabla ya kidonda kutulia.

Ukitaka kujua mifereji hiyo ina thamani gani, mtazame mwenye matende. Minyoo inayoletwa na mbu hukaa ndani ya mifereji ya limfu na kuiharibu. Majimaji yanakwama, mguu unajaa, na wapeleka habari hawapiti vizuri, kwa hiyo mpasuko mdogo katikati ya vidole unaweza kumlaza mtu kwa homa wiki nzima. Zanzibar ilianza kuwagawia wananchi dawa za matende mwaka 2001, lakini kwa yule ambaye mguu umeshaharibika, kinachompunguzia mashambulizi ni sabuni, maji, na kukausha vizuri katikati ya vidole, kila siku.

Wajumbe hao mara ya kwanza wanachelewa. Kutafuta, kujigawa na kutengeneza kingamwili za kutosha huchukua wiki moja hadi mbili. Lakini kikao kikisha, baadhi yao hawaondoki. Wanabaki na kumbukumbu, miaka na miaka. Ushahidi mzuri ulitoka visiwani kama hapa kwetu, tena vya baridi kali: visiwa vya Faroe, kaskazini ya Atlantiki. Surua ilipita huko mwaka 1781, ikapotea miaka 65, ikarudi 1846. Katika watu wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, aliwatafuta vikongwe waliougua surua ya 1781 wangali watoto, na hakumpata hata mmoja aliyeugua mara ya pili.

Kumbukumbu hiyo inaweza pia kukiweka kitu ambacho si adui. Mfano wake tunao mikononi: piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Piko ina kemikali iitwayo PPD. Msichana anapakwa harusi ya kwanza, hakuna kitu. Anapakwa harusi ya pili, na siku moja au mbili baadaye maua yote yanainuka, yanawasha, yanatoka malengelenge yenye umbo lilelile la ua. Anasema piko ile ilikuwa mbaya, mbona ya mwanzo haikunidhuru? Ya mwanzo ndiyo iliyoifundisha kinga yake kuiona piko kama adui. Seli zake zimeikariri PPD na hazitaisahau. Kuanzia hapo, piko na hata dawa nyingi za kutia nywele weusi ni za kuziepuka maisha.

Na kuna maradhi ambayo hayaachi kumbukumbu kabisa. Mama wa mtoto alikuwa na hofu moja tu siku ile: kutu. Kutu haina pepopunda. Pepopunda inaletwa na mbegu za bakteria zinazokaa udongoni na kwenye vinyesi vya wanyama, ng'ombe na punda wakiwemo, na zinapenda tundu refu jembamba lisilopata hewa. Msumari mpya wa dukani ulioanguka penye njia ya gari la ng'ombe unatisha vilevile. Sumu ya bakteria hao ni kali mno, hata kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno kuweza kuishtua kinga ijifunze. Aliyeugua pepopunda akapona anahitaji chanjo kama ambaye hajaugua. Sindano za utotoni zina chanjo hiyo ndani yake, ila kumbukumbu yake inafifia na huhitaji kukumbushwa.

"Kuongeza kinga"

Sasa naweza kumjibu binamu bila kumvunjia heshima.

Unataka kuongeza ipi? Neutrofili? Zikizidi, zinaezua mapaa ya majirani. Histamini? Mwenye pumu na mwenye mzio wa pweza wanateswa na kinga inayofanya kazi kupita kiasi. Kingamwili? Mtoto akipata maambukizi ya koo ya streptokoki yasiyotibiwa, kingamwili zake zinaweza kuuchanganya moyo na bakteria, zikazishambulia vali za moyo. Nguvu si hoja. Hoja ni kinga itambue vizuri, ifike kwa wakati, na ijue kunyamaza kazi ikisha.

Kinga inaweza kweli kupungua, na sababu zake zinajulikana. Virusi vya UKIMWI huua wajumbe wenyewe wa kikao. Utapiamlo hukosesha malighafi, ndiyo maana watoto wadogo hupewa matone ya vitamini A. Kisukari ndicho ninachokiogopa zaidi kwa watu wa rika langu: sukari ikiwa juu seli nyeupe zinakuwa nzito, damu haifiki vizuri miguuni, na neva za unyayo zinakufa ganzi. Mtu wa namna hiyo anakanyaga msumari na hasikii. Anaujua kwa harufu. Kwa hawa wote tiba ni kuondoa sababu: dawa za kufubaza virusi, chakula, kudhibiti sukari. Asali na habasoda ni vyakula vizuri, mimi natumia, lakini havimfundishi mjumbe sura ya pepopunda. Chanjo inamfundisha.

Na zile rangi mbili? Unga wa kapsuli ukimwagwa kwenye kidonda haushuki hadi chini ya tundu la msumari. Unaganda juu kama ukoko na kuufungia usaha ndani. Kapsuli moja ya kunywa nayo inawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wakaidi.

Tulimpeleka kituo cha afya jioni ileile. Dalili zilitosha: siku ya tatu na uvimbe unapanda badala ya kushuka, homa imeshaanza. Angekuwa na mstari unaouma unaotoka kidondani kupanda mguu, au angekuwa mtu wa kisukari, nisingengoja hata kufikia hapo. Mhudumu alilifungua tundu kidogo, usaha ukatoka, na nyuma ya usaha kikatoka kibanzi cha mti kisichozidi punje ya mchele. Kipande cha ubao wa mashua. Neutrofili hawawezi kumeza ubao, wangeendelea kuuzingira na kufa hadi mfungo mosi mwingine. Akasafisha kwa maji mengi, akamchoma sindano ya kukumbusha pepopunda, akampa dawa ya siku saba na kutusisitizia zinywewe zote.

Kidonda kilifunga siku ya nane. Mtoki huwa haufuati haraka hiyo, wajumbe hawatawanyiki kwa siku moja. Ukibaki zaidi ya wiki nne, ukawa mgumu kama jiwe au ukazidi kukua, huo wa kuchunguzwa. Wa mpwa wangu ulinywea taratibu, na siku ya kumi na saba nilimpapasa nisiuone. Bibi yake anasema ni maji yake moto.